Wazo linatokaga wapi? Namna ubongo unapata jibu kwa ghafula

Watu wengi wamepitia jambo hili: unatafuta jibu saa nzima, unakosa, unaacha, na kisha jibu linakuja lenyewe ukiwa unaoga ao unapanda mlima. Wataalamu wa ubongo wanasema si bahati wala si uchawi. Kwa wanafunzi wa Bukavu wanaojitayarisha kwa mtihani wa Serikali, na kwa kila mtu anayetafuta namna ya kujitoa katika shida, ni vizuri kujua kile kinapita ndani ya kichwa wakati ule.

Ni usiku, katika nyumba moja ya Kadutu. Umeme umekatika. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho amewasha mshumaa, ile buji ya dukani, na tangu saa mbili ameinamia hesabu moja. Amejaribu njia ileile mara nne, na mara nne amegonga ukuta uleule. Saa tano anafunga daftari kwa hasira na kulala. Asubuhi, akiwa anapanda na bidoni ya maji kutoka robine, bila hata kuwaza hesabu, anasimama katikati ya njia na kusema: "Kumbe!" Jibu limeonekana lote mara moja, kama vile mtu amefungua dirisha.

Mwanafunzi huyu ni wa mfano tu. Lakini kila mtu anayesoma habari hii anamfahamu, sababu siku moja alikuwa yeye.

Njia mbili za kupata jibu

Kuna maswali ambayo mtu anayajibu hatua kwa hatua. Mama anayeuza sambaza sokoni anajua alinunua kwa bei gani, alilipa usafiri kiasi gani, na anafikia faida yake pole pole bila kuruka kitu. Akiulizwa amefikaje pale, anaweza kueleza kila hatua.

Kuna maswali mengine ambayo jibu lake linaruka. Mtu hana kitu, hana kitu, na kisha ana vyote. Akiulizwa amefikaje pale, anakosa la kusema: "Limekuja tu."

Mfano ni huu. Hapa kuna maneno matatu: nchi, jeshi, siasa. Tafuta neno moja fupi ambalo ukiliweka mbele ya kila moja, unapata neno jipya linalojulikana na kila mtu. Usiharakishe kusoma mbele. Jipe dakika moja.

Wengine watajaribu neno moja baada ya lingine. Wengine watakaa kimya, na kisha watacheka peke yao. Jibu ni "mwana": mwananchi, mwanajeshi, mwanasiasa.

Mchezo wa namna hii si wa watoto tu. Watafiti wa Marekani wameutumia kwa Kiingereza tangu miaka ya 1960, na ndio uliosaidia kuona kwa mara ya kwanza, kwa macho, kile kinapita ndani ya ubongo wakati mtu anasema "Kumbe!"

Kile kinaonekana ndani ya kichwa

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na nusu hivi. Ni kipande kidogo cha mwili, lakini peke yake unakula karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zote ambazo mwili unatumia ukiwa umetulia. Ndani yake mna chembe karibu bilioni 86 ambazo zinaongea kwa umeme mdogo sana na kwa kemikali. Umeme ule unaweza kupimwa kutoka nje, kwa kumvalisha mtu kofia yenye vifaa vidogo vingi vinavyogusa ngozi ya kichwa. Hakuna kupasua, hakuna maumivu.

Mwaka 2004, kundi la watafiti wa Marekani likiongozwa na Mark Jung-Beeman na John Kounios lilitangaza matokeo ya kazi yao. Waliwavalisha watu kofia kama ile, wakawapa maneno matatu-matatu, na kila mara mtu alipopata jibu alisema kama alilitafuta pole pole ao kama lilimjia kwa ghafula. Kisha walilinganisha.

Waliona mambo mawili. La kwanza: wakati jibu limekuja kwa ghafula, sekunde kama theluthi moja tu kabla ya mtu kutoa ishara, kulikuwa mlipuko wa umeme wa haraka katika sehemu moja ya ubongo, juu kidogo ya sikio la kuume. Sehemu ile inasaidia kuunganisha maana za maneno ambayo ni mbali na mbali. Wale waliotafuta pole pole hawakuonyesha mlipuko ule.

La pili lilishangaza zaidi. Sekunde moja na nusu hivi kabla ya jibu, sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayopokea mambo ya macho, ilikuwa na mawimbi ya utulivu. Ni kama ubongo ulishusha pazia kidogo ili mwangaza wa nje usisumbue kitu kidogo kilichokuwa kinajitokeza ndani. Ndiyo maana mtu anayetafuta jina alilolisahau anafunga macho, ao anatazama juu ambako hakuna kitu cha kutazama. Anafanya bila kufundishwa.

Hapa inafaa kusahihisha neno moja ambalo linazunguka sana. Watu wanasema upande wa kuume wa ubongo ni wa wasanii na upande wa kushoto ni wa watu wa hesabu. Si kweli. Hakuna mtu anayewaza na upande mmoja. Kazi ya kuvumbua inahitaji mitandao mingi ifanye pamoja. Kuna mtandao unaofanya kazi wakati mtu anaota macho wazi na kukumbuka mambo yake. Kuna mwingine unaosimamia, unaochagua na kusema "hii hapana". Kwa kawaida mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Kwa watu wenye mawazo mengi mapya, watafiti wameona kwamba ile mitandao miwili inajua kushirikiana vizuri zaidi.

Kuna wakati yule msimamizi anapaswa kunyamaza kidogo. Mwaka 2008, Charles Limb na Allen Braun waliingiza wapiga piano 6 wa jazi, mmoja mmoja, katika mashine inayopiga picha za ubongo. Walipopiga wimbo walioukariri, sehemu ya mbele inayochunga makosa ilifanya kazi yake ya kawaida. Walipoanza kutunga hapo hapo, sehemu kubwa ya yule mchungaji ilipunguza nguvu. Vijana wa Bukavu wanaorapu bila karatasi wanaelewa jambo hilo: ukianza kujihukumu katikati ya mstari, maneno yanakwama.

Mshumaa, kibiriti na sanduku

Kama wazo jipya ni kuunganisha vitu ambavyo havikuwa pamoja, kwa nini ni vigumu? Mjerumani mmoja, Karl Duncker, alitafuta jibu la swali hilo zamani, kabla ya mashine zote hizo. Alimpa mtu mshumaa, kibiriti, na sanduku dogo lililojaa vimisumari vifupi. Kazi: weka mshumaa ukutani, uwake vizuri.

Wengi walijaribu kupigilia mshumaa wenyewe. Haukushika. Wengine waliyeyusha nta na kujaribu kuubandika. Haukushika. Jibu lilikuwa mbele ya macho yao: mwaga vimisumari, pigilia sanduku tupu ukutani, na simamisha mshumaa ndani yake.

Kwa nini hawakuona? Kwa sababu sanduku lilikuwa na kazi tayari. Lilikuwa "sanduku la kuweka vimisumari", na akili ililifungia katika kazi ile. Watu wengine walipopewa vitu vilevile, lakini sanduku likiwa tupu, wengi zaidi walipata jibu.

Ubongo unapenda njia iliyokwisha kukanyagwa. Mara nyingi hiyo ni faida: mtu hawezi kuvumbua upya kila asubuhi namna ya kufunga viatu. Lakini mbele ya shida mpya, njia ya zamani inageuka kuwa kifungo. Mwaka 2000, watafiti Tim German na Margaret Defeyter walionyesha kwamba watoto wa miaka 5 hawafungwi kama wale wa miaka 6 na 7, sababu bado hawajaamini kwamba kila kitu kina kazi moja tu. Hapa Bukavu jambo hilo linaonekana njiani. Mifuko ya plastiki na kamba vinakuwa mpira. Kopo la nyanya linakuwa gari. Na si watoto tu: tairi iliyokwisha linakuwa viatu, na mbao chache zinakuwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ambayo inabeba makala, viazi na mifuko ya simenti huko Goma, mpaka mji ule umeisimamishia sanamu. Mtu wa kwanza kutengeneza vitu hivyo alitazama takataka na akakataa kuona takataka.

Hata nyani wakubwa wana kitu cha kufundisha. Kati ya 1913 na 1920, Mjerumani mwingine, Wolfgang Köhler, aliishi katika kisiwa cha Tenerife akichunguza sokwe. Mmoja, jina lake Sultan, alikuwa na fimbo mbili fupi, na ndizi iliwekwa mbali nje ya kizuizi. Alijaribu fimbo moja, akashindwa. Alijaribu nyingine, akashindwa. Akaacha, akaketi, akaanza kucheza na fimbo zake. Katika kucheza, akaona ncha ya moja inaingia katika tundu la nyingine. Hapo hapo aliruka, akakimbia kwenye kizuizi na kuvuta ndizi yake. Ndugu zake sokwe si wa mbali: katika kituo cha Lwiro, teritware ya Kabare, sokwe walionyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara wanatunzwa tangu 2002. Watunzaji wa sokwe popote wanajua kwamba kufuli na kamba vinapaswa kuangaliwa kila siku, sababu mnyama yule haachi kutafuta.

Sultan hakupata jibu wakati alipokuwa anakaza. Alilipata alipokuwa anacheza na vitu vilevile alivyovikazia.

Wazo haliji katika kichwa kitupu

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wakisikia kwamba jibu linakuja mtu akipumzika, wanasema: basi, tupumzike. Lakini ubongo hauwezi kuunganisha vitu ambavyo haumo navyo.

Mfano mkubwa uko hapa Kongo. Mwaka 1995, Ebola iliingia Kikwit. Zaidi ya watu 300 waliugua, na karibu 8 kati ya 10 walikufa. Hakukuwa dawa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikuwa amekwisha kuuona ugonjwa huo Yambuku mwaka 1976, pamoja na waganga wenzake waliwaza hivi: mtu aliyepona ana kitu ndani ya damu yake ambacho kilishinda kirusi. Kwa nini damu hiyo isimsaidie mwingine? Wakawapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Wagonjwa 7 kati yao waliishi.

Wazo lile linaonekana rahisi leo. Lakini lilisimama juu ya vitu vingi: miaka ya kusoma virusi, kujua kwamba tangu miaka ya 1890 waganga walitumia maji ya damu ya wanyama kupigana na ugonjwa wa koo unaoitwa difteria, na kuona kwa macho yake watu waliopona. Mtu asiye na akiba hiyo angepita mbele ya mgonjwa aliyepona na kuona mgonjwa aliyepona tu. Muyembe aliona sanduku tupu la kusimamisha mshumaa.

Lakini habari haikuishia hapo. Wataalamu wengi walisema watu 8 ni wachache, na kwamba pengine wangepona tu. Hawakuwa na kosa kuuliza. Miaka mingi baadaye, kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti wa Kongo na wa Marekani walitoa kinga iliyoitwa mAb114. Ilipimwa pamoja na dawa nyingine kuanzia Novemba 2018, wakati Ebola ilikuwa inaua Beni na Butembo, na Agosti 2019 ilitangazwa kuwa moja ya dawa mbili zilizookoa watu wengi zaidi. Ni mwezi uleule ambao ugonjwa ulifika hadi Mwenga, hapa Kivu ya Kusini. Kutoka wazo hadi uhakika ilipita miaka 24.

Ndiyo maana jibu la ghafula halitoshi. Utafiti unaonyesha kwamba majibu yanayokuja kwa "Kumbe!" mara nyingi ni sahihi kuliko yale ya kusukumana nayo. Lakini furaha ya "Kumbe!" inaweza kudanganya pia. Ubongo unatoa zawadi yake, ile raha ya ndani, hata wakati jibu ni la uongo. Mwanafunzi aliyesimama na bidoni bado anapaswa kurudi kwenye daftari na kupima.

Usingizi unafanya kazi

Msimu wa mtihani wa Serikali, ule watu wanauita Exetat, mataa na mishumaa inawaka hadi asubuhi katika mitaa mingi. Wafinalisti wanakunywa kahawa, wanatia miguu katika maji ya baridi ili wasilale. Wazazi wanajivuna: "Mtoto wangu halali." Wataalamu wa ubongo wangemwambia mzazi huyo, kwa heshima yote: mwache alale.

Mwaka 2004, huko Ujerumani, kundi la Ullrich Wagner na Jan Born liliwapa watu kazi ya namba iliyo ndefu na ya kuchosha. Ndani yake kulifichwa njia ya mkato, lakini hakuna aliyeambiwa. Baada ya mazoezi, wengine walilala saa 8, wengine walikaa macho muda uleule. Waliporudia kazi, karibu 6 kati ya 10 ya wale waliolala waliigundua njia ya mkato. Katika wale waliokaa macho, hawakufika hata 3 kati ya 10. Namba zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni usingizi.

Wakati mtu analala, ubongo unarudia mambo ya siku, unaondoa yasiyo ya lazima na kupanga upya yaliyobaki. Katika kupanga ndipo vitu viwili vilivyokuwa mbali vinajikuta pamoja.

Hata usingizi mfupi sana una nguvu. Mwaka 2021, Célia Lacaux na Delphine Oudiette na wenzao wa Paris waliwapumzisha watu dakika 20 kwenye kiti, kila mtu akishika kikombe mkononi. Mkono ukilegea, kikombe kinaanguka na mtu anaamka. Wale ambao walisinzia kidogo tu, hata sekunde 15, katika ule mlango kati ya kuwa macho na kulala, 83 kwa mia waligundua kanuni iliyofichwa. Wale waliobaki macho, 30 kwa mia. Na wale waliozama katika usingizi mzito ndani ya dakika zile, 14 kwa mia. Mzee anayesinzia kidogo kwenye kiti baada ya chakula cha mchana, na kisha anaamka na shauri zuri, hakuwa mvivu.

Lakini wazo la usingizi linakimbia. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Otto Loewi wa Austria aliamka usiku akiwa na wazo kuhusu namna mishipa ya fahamu inaongea na moyo. Aliliandika kwenye karatasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kusoma maandishi yake mwenyewe. Usiku uliofuata, saa tisa, wazo lilirudi. Safari hii hakungoja: alikwenda moja kwa moja kwenye maabara, akafanya jaribio lake kwa mioyo ya vyura, na akaonyesha kwamba mishipa inaongea kwa kemikali. Mwaka 1936 alipata tuzo la Nobel. Fundisho kwa mwanafunzi: weka kalamu karibu na kitanda, na andika vizuri.

Miguu inasaidia kichwa

Bukavu ni mji wa kupanda na kushuka. Anayetoka Nyawera kwenda Kadutu kwa miguu anahesabu milima yake. Kumbe safari hiyo si hasara tupu. Mwaka 2014, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa chuo kikuu cha Stanford waliwaomba watu kutaja matumizi mapya ya vitu vya kawaida, wakiwa wameketi na wakiwa wanatembea. Waliotembea walitoa mawazo mapya zaidi, kwa wastani 60 kwa mia juu ya wale walioketi. Hata waliotembea ndani ya nyumba, mbele ya ukuta mtupu, walifaidika.

Watafiti wale wenyewe walisema jambo lingine la maana: kwa maswali yenye jibu moja tu, kutembea hakukusaidia. Basi kila kitu na wakati wake. Mtu anayetafuta njia nyingi, kwa mfano namna ya kuanza biashara ao kichwa cha wimbo, atembee. Mtu anayemaliza hesabu aketi.

Na akitembea, aache simu mfukoni. Ubongo unaojazwa ujumbe na picha kila dakika haupati nafasi ya ule mtandao wa kuota macho wazi.

Hofu na njaa vinafunga mlango

Mambo haya yote yanaweza kuonekana ya watu wenye raha. Katika mashariki ya Kongo, watu wengi wanalala na sikio moja wazi. Hapo sayansi inasema jambo ambalo wenyeji wanalijua mwilini mwao.

Mtu akisikia milio ya risasi, mwili unatoa kemikali za hatari. Moyo unakimbia, macho yanafunguka, miguu iko tayari. Kwa dakika ile ni wokovu. Lakini kemikali zilezile zinapunguza nguvu ya sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kupima njia mbalimbali. Akili inarudi kwenye njia aliyoizoea mtu. Hofu ikikaa wiki na miezi, mtu anabaki katika hali hiyo. Mwanafunzi aliyekimbia na familia yake, anayelala watu wanane katika chumba kimoja, akishindwa swali ambalo mwaka jana aliliweza, hajawa mjinga. Ubongo wake una kazi nyingine: unamlinda.

Umaskini unafanya jambo linalofanana. Mwaka 2013, watafiti waliwapima wakulima wa miwa wa India, watu walewale, kabla ya mavuno wakati mfuko ni mtupu, na baada ya mavuno wakiwa wamelipwa. Kabla ya mavuno walishindwa zaidi katika maswali ya akili. Akili zao hazikubadilika. Zilikuwa zimejaa swali moja: tutakula nini?

Kwa hiyo mzazi ao mwalimu anayetaka mtoto awaze vizuri, ana mambo ya kuanzia ambayo si vitabu: chakula, usingizi, na sauti ya upole. Watafiti wameona pia kwamba mtu mwenye roho nyepesi, aliyetoka kucheka kidogo, anapata majibu ya ghafula zaidi kuliko mwenye wasiwasi. Familia zinazoketi usiku na kutega vitendawili, hata kama hakuna umeme, zinafanya mazoezi hayo bila kujua. Kitendawili ni nini, kama si kuunganisha vitu viwili vilivyo mbali na kisha kucheka?

Swali la Mpemba

Mwaka 1963, katika masomo ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, kijana Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi katika friji ilikuwa ndogo, na kwa kuogopa kuikosa alitia maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza. Akaambiwa amechanganyikiwa, na wakamcheka.

Hakuacha. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, Dr Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alikuja kutoa mhadhara. Mpemba aliuliza tena swali lake, na wanafunzi wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi, akafanya jaribio, na mwaka 1969 walitoa makala pamoja. Hadi leo wataalamu wanabishana kama jambo lile linatokea kweli kila mara na kwa sababu gani, lakini dunia nzima inaliita kwa jina la kijana yule.

Katika madarasa mengi ya hapa, mwanafunzi mzuri ni yule anayerudisha neno kwa neno kile alichoandika ubaoni. Kukariri si kubaya: ni ile akiba ambayo bila yake hakuna cha kuunganisha. Lakini mtoto aliyechekwa mara mbili kwa swali lake anajifunza kitu kimoja tu, nacho ni kunyamaza. Yule mchungaji wa ndani anayesema "hii hapana" anakuwa mkali, na hakuna anayejua mawazo mangapi anayaua kabla hayajafika mdomoni.

Nini cha kufanya?

Kwa anayejitayarisha kwa mtihani, ao anayetafuta namna mpya ya kufanya kazi yake, mambo machache yanatoka katika tafiti hizi:

- Kaza kwanza. Jaza kichwa, jaribu kweli, hadi ukwame. Bila hatua hii zingine hazina faida.
- Ukikwama, acha. Fanya kazi nyepesi ya mikono: fua, fagia, chota maji.
- Lala. Hesabu iliyokataa saa tano ya usiku, iache hadi asubuhi.
- Uliza kila kitu kilicho mbele yako: "Hiki kinaweza kuwa nini tena?"
- Wazo likija, liandike. Kisha lipime kwa baridi, kama vile ni la mtu mwingine.
- Mtoto akiuliza swali la ajabu, usicheke. Mwambie: "Tujaribu tuone."

Buji ikiisha huko Kadutu usiku wa leo, mwanafunzi asilie. Daftari lifungwe, mwili ulale. Kazi bado inaendelea.